Pete Kwenye Msuko

Ndege yenyewe iliitwa Shangazi. Jeshini ilikuwa na namba na herufi zake, zimechorwa ubavuni kwa rangi nyeupe, lakini hakuna aliyezitumia. Ilikuwa ndege ya mizigo, kuukuu, yenye injini nne na tumbo pana, na mafundi wa karakana waliipa jina hilo kwa sababu ambazo kila mwenye shangazi atazielewa: haikuwahi kuondoka kwa wakati, ilinung'unika njia nzima, na popote ilipofika ilifika imejaza mizigo hadi mlangoni.

Msusi peke yake ndiye aliyelikataa jina hilo.

"Shangazi gani?" alikuwa akiwauliza wateja wake. "Shangazi anakuja, anakula, anaondoka. Huyu ananichukulia mume asubuhi, ananirudishia jioni ananuka mafuta. Huyu ni mke mwenzangu, tuseme ukweli."

Wateja walicheka kila mara, hata waliokwisha kuusikia mzaha huo mpaka wakaukariri. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwenye mtaa wa nyuma ya uwanja wa ndege wa jeshi. Kulikuwa na kioo kirefu, benchi la mbao, redio, na kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka. Wake wa wanajeshi walikuja pale kusukwa, na wengine walikuja tu kukaa. Shangazi alipopita juu ya paa, kioo kilitetemeka ukutani, na Msusi alisimamisha mikono mpaka mtetemo uishe, maana hakuna mstari unaonyooka kichwa kikitikiswa. Kisha akaendelea palepale alipoachia.

Mumewe alikuwa fundi wa injini. Kambi nzima ilimwita Spana. Yeye alimwita Mzee, tangu enzi ambazo hakuwa mzee hata kidogo.

Kazi zao zilifanana kuliko watu walivyodhani. Bolti ya injini inayotikisika kutwa nzima haiaminiki, kwa hiyo hufungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa nyuzi mbili, ukavutwa kwa namna ambayo bolti ikitaka kulegea, waya unaikatalia. Spana alisokota nyaya hizo kwa koleo, mzunguko kwa mzunguko, halafu akaikunja ncha ndani isimkwaruze mtu. Siku ambayo familia ziliruhusiwa kuingia karakana, Msusi aliziona nyaya hizo zimepangwa kwenye injini, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe na wewe ni msusi," akamwambia mbele ya wenzake, na mafundi wakamtania Spana kwa mwezi mzima.

Ndiyo maana alipojisuka mwenyewe, siku za mapumziko, mumewe alikaa nyuma yake kwenye kigoda akimshikia ncha. Msusi aliweza kusuka kichwa cha mtu yeyote, lakini kisogo chake hakukiona, na bila mtu wa kushika ncha msuko ulipinda. Spana alishika kwa vidole viwili, kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye bolti, na alikuwa mwepesi wa kukosoa. "Huu umelegea," alisema. "Fumua." Walipigana vijembe hivyo mpaka kichwa kikaisha, na kusema kweli hizo ndizo saa Msusi alizozipenda kuliko zote katika ndoa yake, ingawa ungemuuliza angekwambia mwanamume yule hana adabu.

Sasa ije habari ya pete. Fundi wa injini havai pete kazini. Pete ikinaswa mahali, kidole huenda nayo, na Spana aliwahi kuona kwa macho yake kidole cha mwenzake kikienda. Kwa hiyo pete yake ya ndoa ilining'inia kwenye msumari kando ya kitanda siku zote za kazi, na ilivaliwa Jumapili, na siku moja nyingine: siku ya kupanda Shangazi.

Maana karakana ile ilikuwa na desturi yake. Fundi aliyefunga injini alipanda nayo safari ya kwanza. Kama unamwambia rubani injini iko sawa, njoo basi ukae naye. Hakuna mkubwa aliyeiamuru, na hakuna fundi aliyeikwepa, kwa sababu iliwafanya wakaze bolti kwa moyo wote. Wake zao hawakuulizwa. Spana alipanda mara nyingi kuliko wote, na kila alipopanda alivaa pete. Siku moja aliisahau, akaruka na baiskeli kutoka karakana hadi nyumbani kuifuata, huku Shangazi akimsubiri na rubani akipiga honi ya gari la mafuta. "Nikiwa na spana, pete ni adui," aliwaeleza. "Nikikaa abiria, mimi ni mume wa mtu, na iwe wazi."

Wiki hiyo alikuwa amefungua injini moja ya Shangazi na kuifunga upya. Mafuriko yalikuwa yamewatoa watu majumbani huko mbali, na ndege ilitakiwa kupeleka mahema na mablanketi. Msusi alimwomba asiende. Hakuomba kwa mzaha safari hii. Alikuwa akimpaka dawa ya magoti, wameketi pembeni ya kitanda, akaacha kupaka.

"Magoti yako yanalalamika kuliko hiyo injini," alisema. "Umebakiza kidogo tu ustaafu. Mwache mwingine apande. Mzee, mimi naogopa. Sijui naogopa nini, ila naogopa."

Spana akakifunika kikopo cha dawa.

"Nimekusikia," akasema.

Hapa mwenye ndoa changa anaweza kufurahi mapema. Lakini Msusi alikuwa amekaa na mwanamume huyo miaka ya kutosha kujua kwamba nimekusikia ni kitu kimoja, na nimekubali ni kitu kingine, na kwamba neno hilo la pili hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Hakubishana. Alingoja mumewe aingie kuoga, akaichukua pete msumarini, akazunguka chumba kizima akitafuta pa kuificha. Kwenye kopo la sukari angeiona. Chini ya godoro, angeisikia. Mwishowe akakaa mbele ya kioo, akafumua msuko mmoja mnene nyuma ya sikio la kushoto, akaipitisha pete ndani, akausuka tena juu yake. Alisuka haraka, bila wa kumshikia ncha, akajifunga kilemba, akaenda kuandaa chakula. Bila pete hapandi. Alikuwa na hakika hiyo kama alivyokuwa na hakika ya jina lake.

Asubuhi Spana alisimama mbele ya msumari mtupu.

"Bibie, umeiona pete yangu?"

"Pete ya nini siku ya kazi?" Msusi alikuwa ameshughulika mno na birika.

Akasikia mumewe akicheka puani. Alikunywa chai yake yote, akavaa viatu, akamgusa begani alipokuwa akipita. "Haya, bibie," akasema, na akatoka. Msusi alisikiliza baiskeli ikichakacha kwenye changarawe. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa mtamu hata akaimba wakati anafagia nywele za jana.

Mteja wa kwanza alikuwa mke wa rubani. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, aliyehamia mtaani mwaka ule, na alikuwa bado anaona haya kucheka kwa sauti mbele ya wakubwa. Mumewe ndiye aliyekuwa akimwendesha Shangazi siku hiyo. Msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa, upande wa kulia umelala mistari safi, upande wa kushoto nywele zimesimama zote, ndege ilipoanza kuunguruma kule uwanjani.

"Huyo mke mwenzangu," Msusi akasema. "Leo amechelewa kidogo tu. Sijui ana adabu gani."

Akasimamisha mikono, kama kawaida. Kioo kikaanza kutetemeka. Mlio ukaja, ukakua, ukapita juu ya paa, na ulipokuwa ukipita ukabadilika. Watu wa mtaa ule hawakuwa na elimu ya ndege, lakini walijua sauti ya Shangazi kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake, na hiyo haikuwa sauti yake. Upande mmoja wa mlio ulikatika. Uliobaki ukapanda juu, mkali, ukawa kama unavuta kitu kizito peke yake. Mke wa rubani alimtazama Msusi kwenye kioo. Kisha chanuo likaruka rafuni likaanguka sakafuni, na sauti ya kishindo ikawafikia baadaye, nzito, kutoka upande wa mabondeni.

Walipotoka nje moshi ulikuwa umeshaanza kupanda.

Mke wa rubani hakulia. Alianza tu kutembea, na kichwa chake cha nusu, kanga ya saluni ikiwa bado mabegani. Msusi akamkimbilia, akamshika mkono, akatembea naye.

"Nisikilize," alimwambia njiani. "Nisikilize mimi. Yule mumeo anajua kazi. Mume wangu anasema rubani anayeshusha Shangazi kama anaweka mayai mezani ni yeye peke yake. Umenisikia? Pale bondeni ni majani na tope, siyo mawe."

"Dada, ungejuaje?"

"Najua. Tembea."

Alisema maneno mengi mazuri, na yote alikuwa akimaanisha. Lakini lazima isemwe pia kwamba chini ya maneno hayo, mahali ambapo mtu hamwonyeshi mtu, Msusi alikuwa akishukuru. Mume wake yeye alikuwa chini. Wake alikuwa karakana, na mikono yake michafu, bila shaka akikimbia sasa hivi na magoti yake mabovu kwenda kusaidia. Alisikia pete ikimgusa nyuma ya sikio kila alipopiga hatua. Alijionea haya kwa kushukuru, akamshika yule mwanamke kwa nguvu zaidi.

Langoni kulikuwa na wanawake wengi, na wengine walikuwa wanazidi kuja. Magari ya wagonjwa yalipita. Askari wa lango, ambaye siku nyingine alikuwa mtu wa mizaha, alisema tu, "Subirini, mama zangu, subirini kidogo," na hakumwangalia yeyote usoni. Msusi akamwona mtunza stoo akitoka ndani kwa miguu. Alikuwa rafiki wa siku nyingi wa mumewe, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyekula kwao kila Jumapili na kubeba vilivyobaki.

"Shemeji!" akamwita. "Afadhali wewe. Nimemleta huyu, mumewe ndiye alikuwa anaendesha. Niitie Spana, yeye anaingia kote, akatuulizie."

Mtunza stoo alivua kofia yake.

"Shemeji," akasema, na akanyamaza, yeye asiyenyamaza.

"Niitie basi."

"Shemeji, Spana alipanda."

Msusi hata alitabasamu. Alimwonea huruma kwa kukosea katika wakati kama ule. "Hajapanda," akasema taratibu. "Spana hapandi bila pete, wewe mwenyewe unajua, si mlimcheka wote siku ile ya baiskeli? Pete yake ninayo mimi."

"Najua, shemeji. Aliniambia." Mtunza stoo alikuwa akiizungusha kofia mikononi. "Alikuja stoo asubuhi akaomba kipande cha waya wa kufungia bolti. Nikamuuliza wa bolti gani. Akasema wa kidole. Akajisokotea pete palepale kwenye meza yangu, anacheka. Akasema, bibie ameficha pete, lakini amesahau kuficha koleo."

Msusi alisikia kila neno. Aliyaelewa yote pia, moja moja, ila hayakutaka kukaa pamoja. Alimwona Spana akicheka, akisokota. Akamwona akiunyoosha mkono aone kama pete imemtosha. Halafu akalivamia lango, na mtu aliyemdaka alikuwa mke wa rubani, yule msichana wa haya, ambaye sasa alimkumbatia kwa mikono yake mirefu na kusema yaleyale aliyoambiwa njiani: nisikilize mimi, pale bondeni ni majani na tope, siyo mawe. Walikaa wote wawili kwenye ukingo wa barabara, mmoja na kichwa cha nusu, mwingine na kilemba kimemlegea.

Kilichomwumiza Msusi kuliko moshi ni kwamba alikuwa amemwacha aende hivyo, bila pete yake. Mumewe hakupanda ndege bila pete hiyo tangu waoane, na siku moja ambayo alipanda bila hiyo, ni yeye aliyekuwa ameificha. Alitaka kuitoa kichwani mara ileile, akaitie mkononi, akaishike. Vidole vyake, vinavyofumua kichwa huku yeye anapiga soga, havikuweza kupata hata pa kuanzia.

Lori la jeshi liliwachukua mpaka hospitali. Walikaa kwenye veranda ndefu iliyonuka dawa, na habari zikaja kidogo kidogo, kama zinavyokuja siku zote mahali kama pale, kila mtu akileta yake na nyingine ikiifuta. Iliyosimama ni hii: ndege ilipoteza nguvu upande mmoja mara tu baada ya kuruka, rubani akaishusha bondeni kwa tumbo, ikakatika mkiani. Moto ulikula bawa moja kabla haujazimwa. Rubani alikuwa hai, amevunjika mkono na mbavu. Mke wake aliposikia alifunika uso, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Mpanga mizigo wa Shangazi alikuwa amekufa. Msusi alimjua vizuri. Alikuwa mtu mzima asiye na mke, aliyepita saluni kila mwisho wa wiki akisema anatafuta mchumba mwenye subira na masikio madogo, na kila wiki walimwambia bado hajazaliwa. Hakuwa na wa kumlilia pale, mama yake alikuwa mbali. Basi wanawake wote wa kwenye veranda wakamlilia, hata wale ambao wao wenyewe walikuwa bado hawajui watalia nini.

Habari za Spana hazikuja. Kila muuguzi aliyetoka aliulizwa, akasema hajui fundi yeyote, anajua watu wa ndege. Msusi aliwaelewa. Desturi ya karakana ni ya karakana. Nani angewaambia wauguzi kwamba kuna mzee mwenye magoti mabovu aliyepanda kwa sababu tu alifunga bolti?

Jua lilikuwa limeanza kuingia upande wa pili wa veranda muuguzi mmoja alipotoka, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Kuna mzee mmoja hatujui ni wa nani," akasema. "Uso umevimba, na tumempa dawa ya usingizi kwa sababu ya mguu. Hana kitambulisho. Ana kitu kama pete kidoleni, lakini siyo pete, ni waya."

Msusi aliinuka kabla sentensi haijaisha.

Mzee huyo alikuwa kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Ungeweza kupita usimtambue. Kichwa kilikuwa kimefungwa, jicho moja limezibwa na uvimbe, mguu umewekwa gango mpaka pajani. Msusi hakuangalia vyote hivyo. Aliangalia mkono wa kushoto juu ya shuka. Kwenye kidole cha pete kulikuwa na waya mwembamba wa nyuzi mbili, umesokotwa sawasawa, mizunguko imelingana yote, na ncha imekunjwa ndani isimkwaruze mtu.

"Ni wangu," akasema. "Huyu ni wangu."

Akavuta kiti, akakaa, akauweka mkono ule shavuni kwake, akalia mpaka akachoka. Baadaye kidogo jicho moja likafunguka. Likazunguka dari, likashuka, likamkuta. Midomo ikasogea na Msusi akainama.

"Ile yangu haikuzima," Spana akanong'ona.

"Nini, Mzee?"

"Injini. Iliyozima ni ya upande mwingine. Yangu ilivuta mpaka chini."

Njia nzima kwenye lori Msusi alikuwa amepanga ya kumwambia akimkuta hai. Yalikuwa maneno mazuri, ya kusamehe na kuomba msamaha. Yote yakapotea.

"Mwanamume wewe!" akasema. "Nimekaa huko nje roho mkononi kutwa nzima, na wewe unafungua macho kunisomea habari za injini?"

Muuguzi aligeuka upande wa dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza. "Mama, huo waya tunataka kuutoa," akasema. "Kidole kinazidi kuvimba. Nilijaribu mkasi, unateleza. Wamekwenda kutafuta koleo."

"Usiukate," Spana akasema. "Waya mzuri."

"Nyamaza wewe," Msusi akasema, na akakishika kidole.

Safari hii mikono yake ilimtii. Aliitafuta ncha kwa kucha, akaikuta mahali alipojua itakuwa, akaiinua, akaanza kuurudisha waya nyuma, mzunguko mmoja, halafu mwingine, polepole, asimwumize. Mumewe alimtazama kwa jicho lake moja.

"Unafumua vizuri," akasema.

"Mzee." Hakuacha kufumua. "Pete niliificha mimi."

"Najua. Iko nyuma ya sikio la kushoto."

Mikono yake ikasimama.

"Msuko ulikuwa umepinda," Spana akaendelea, akipumzika kati ya maneno. "Jana nilipouona chini ya kilemba nikasema, huyu kasuka peke yake. Anasukaje bila mimi? Ulipolala nikapapasa. Nikaikuta."

"Sasa kwa nini hukuichukua?"

"Ningeufumua ungeamka. Ungeamka ungelia. Ukilia mimi siendi." Alifumba jicho, akalifumbua. "Na yule ambaye angekaa kwenye kiti changu, na yeye ana mke. Nikasema acha ikae hapo. Nikirudi nitaikuta."

Msusi aliwaza mke wa rubani kwenye ukingo wa barabara, na mpanga mizigo na mchumba wake ambaye hajazaliwa, na furaha yake ikaona haya, lakini haikuondoka. Akamalizia mzunguko wa mwisho. Waya ukaachia, ukaacha alama nyekundu kidoleni, naye akakisugua kidole taratibu mpaka damu ikaanza kutembea tena.

Kisha akavua kilemba. Akaufumua ule msuko uliopinda, akaitoa pete, akajaribu kumvisha. Haikupita hata kifundo cha kwanza.

"Imekataa," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa kitu kidogo hivyo, baada ya yote.

"Irudishe kichwani. Mpaka kidole kipone."

"Nitairudishaje, na sioni nyuma?"

Spana aliinua mkono wa kulia juu ya shuka, ule mzima, akasogeza vidole viwili. Msusi akavuta kiti mpaka ukingoni mwa kitanda, akampa kisogo, akainama ili mkono umfikie. Akaipitisha pete ndani ya nywele, akaanza kusuka. Alipofika chini alihisi ncha ikishikwa, kwa udhaifu, lakini imeshikwa.

"Hupandi tena," akasema bila kugeuka.

"Nimekubali."

Msusi aliacha kusuka. Miaka yote alikuwa akilisubiri neno hilo. Aliposikia jinsi lilivyotoka kirahisi, bila kubishana, bila hata kicheko cha puani, hofu ya asubuhi ikamrudia yote kwa mara moja. Akageuka ghafla, msuko ukamponyoka mumewe.

"Usinikubalie hivyo!" akasema, machozi yakimtiririka. "Unanitisha. Wewe si mtu wa kukubali. Nijibu ulivyozoea."

Upande wa mdomo wa Spana ambao haukuvimba ukainuka kidogo.

"Nimekusikia," akasema.

Msusi akacheka na kulia pamoja, akajifuta kwa kilemba, akampa tena kisogo. Mumewe akatafuta ncha kwa vidole mpaka akaipata.

"Umelegea huo," akasema. "Fumua."